Jani la Nne

Masanja alifika Kanazi siku ya pili ya matanga, gunia la maharage begani, na kabla hajaulizwa yeye ni nani alikuwa ameshalitua jikoni, amevua kofia, ameanza kupasua kuni. Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi wakanitazama mimi, maana mwili ule hauingii uani kwa watu bila maelezo. Nilimtambua kwa mgongo. Nilikuwa sijamwona tangu ujana wetu, na sasa kisogo chake kilikuwa kimeanza kuota mvi kama changu, lakini namna yake ya kusimama, miguu imeachana kama anayesubiri ng'ombe amrukie, ilikuwa ileile. Nikaenda nikasimama nyuma yake, nikamwambia apunguze nguvu, atavunja shoka la jirani. Akacheka bila kugeuka. "Ngumi kwanza," akasema, "mengine baadaye." Ndipo akageuka, tukashikana mikono, tukalia wote wawili, yeye kwa sauti kuliko mimi.

Tuliyekuwa tunamlilia ni Shangazi Perpetua. Alizaliwa wapi, alisali jumuiya gani, aliacha wajukuu wangapi, hayo yote yalisomwa kaburini na sina haja ya kuyarudia. Mimi ninao mwaka mmoja tu wa kusimulia, ule niliokaa naye Biharamulo baada ya kumaliza kidato cha nne, nikiwa binti mwenye vyeti vya wastani na maoni mengi, nikisubiri nafasi ya chuo cha ualimu ambayo hakuna aliyejua kama itakuja. Ni mwaka ambao nikiwaeleza walimu wenzangu niliutumia kufanya nini, hucheka. Niliutumia kupanga nguvu za mtu ambaye hayupo. Niliupanga mwili wake, mbio zake na moto wake, pointi moja moja, kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia kwenye jambo langu lolote, na kama ningeulizwa leo nilijifunzia wapi kufikiri, nisingetaja shule.

Hoteli ya Shangazi ilikuwa karibu na stendi, nyumba ya matofali ya udongo iliyopakwa chokaa mpaka usawa wa kiuno, juu yake hapana. Mbele kulikuwa na chumba cha kulia chenye meza ndefu na mabenchi, nyuma jiko la kuni, na ubavuni chumba kingine alichompangisha kijana mmoja wa Bukiriro, huko kwetu Ngara, aitwaye Deo. Deo alikuwa tandiboi wa malori ya Burundi mpaka alipochoka kulala juu ya mizigo, akarudi na televisheni mbili, mashine za gemu na jenereta lililokohoa kuliko babu yangu. Ukuta kati ya chumba chake na jiko letu ulikuwa wa mbao na haukufika darini, kwa hiyo vitu vilikuwa vinahama. Moshi wetu uliingia kwake, kelele zake ziliingia kwetu, na harufu ya petroli ilikutana na ya vitunguu katikati. Makubaliano yao yalikuwa rahisi: jenereta la Deo liliwasha taa na redio ya Shangazi, na Shangazi alimlisha Deo kila mchana. Kila mmoja aliamini amempunja mwenzake, na ndiyo maana waliishi kwa amani.

Vijana wengi walikuja kwa Deo kucheza mpira au kupigana, wawili wawili, wakitukanana kwa furaha. Lakini ndani ya boksi la diski kulikuwa na moja isiyo na jalada, yenye maandishi ambayo wengine walisema ni ya Kichina na wengine ya Kijapani, na hakuna aliyeitaka, kwa sababu ilichezwa na mtu mmoja. Ndani yake mtu alitembea nchi yenye misitu na magofu, ana upanga, anapigana na madudu. Masanja aliipenda hiyo. Alikuwa anajifunza kuchomelea vyuma kwenye karakana ya ng'ambo ya barabara, na kazi zikikauka alivuka, akaketi kwenye kona ya chumba cha Deo na mikono yake mikubwa ikaifunika pedi ya kuchezea yote isionekane. Deo alimtania kila akiingia, anamsalimia kwa Kisukuma "Mwangaluka" hata kama ni jioni, na Masanja aliitikia kwa adabu zote kana kwamba kweli kumekucha. Nadhani aliipenda diski ile kwa sababu haikumtaka abishane na mtu.

Mimi nilivutwa na kengele. Nikiwa nachambua mboga nilisikia kila baada ya muda kengele ndogo tamu upande wa pili wa mbao, na baada yake kimya kirefu kisicho cha kawaida kwa chumba kile. Siku moja nikachungulia. Masanja akanieleza bila kuona aibu kwamba mtu wake akiua madudu ya kutosha, kengele inalia, anapanda leveli, na ukurasa unafunguka wenye picha tano: ngumi, moyo, unyayo, jicho na jani. Anapewa pointi chache, azipande anapotaka. Ukiweka kwenye ngumi, upanga unauma zaidi. Kwenye moyo, mstari mwekundu wa uhai unarefuka. Unyayo unampa mbio, jicho linakuza moto anaourusha mkononi. Na jani? Masanja akainua mabega. Aliwahi kuweka pointi moja hapo, hakuona kitu. Nikamuuliza kama mtu akikosea anaweza kuziondoa aziweke kwingine. Akatikisa kichwa. Maji yakimwagika hayazoleki, hata humo ndani ya televisheni.

Yule mtu hatukuweza kusoma jina lake, kwa hiyo tulimwita Mgeni. Mgeni wa kwanza wa Masanja alikuwa amepewa ngumi tupu, pointi zote tangu mwanzo, na kwa muda mrefu alikuwa tishio. Alipita misituni akifyeka kila kitu. Kisha akafika kwenye daraja la mwisho, linaposimama jitu lenye pembe, na jitu likampiga mara moja tu akafa. Masanja akarudia kesho yake, na keshokutwa. Upanga ulikuwa mkali kupita kiasi, lakini mwenye upanga hakuishi muda wa kuuinua. Nilimwambia, kwa kiburi changu cha kidato cha nne, kwamba tatizo si mikono yake, tatizo ni mipango, na kwamba ingebidi amwache huyo Mgeni na kuanza mwingine upya. Nilitegemea akasirike. Aliniuliza ingechukua muda gani kufika tena darajani. Nikasema miezi. Akasema hana uhakika kama anayo.

Sababu niliisikia wiki hiyohiyo, nikiwa jikoni. Baba yake, Mzee Jilala, aliyehamia na mifugo yake kutoka Shinyanga na kukaa porini nje ya mji, alikuwa akila kwetu siku za mnada, kwenye kona, fimbo imeegemea ukuta. Alikuwa akimweleza Shangazi kwamba majani ya huku yanaisha na watu wameanza kubanana. Mvua zikikatika, alisema, ng'ombe wanaelekea Kakonko na kuendelea, na Masanja anakwenda nao. Shangazi akauliza habari ya ufundi. Mzee akasema kijana wake hana habari na ufundi, ni mtu wa kuanza tu. Shule aliacha, kwa fundi baiskeli aliacha, na hii ya kuchomelea nayo ataiacha njiani. "Hajawahi kumaliza kitu huyu."

Nilisikia Shangazi akiweka mwiko chini. "Aliacha, mzee," akauliza taratibu, "au aliondolewa?"

Mzee Jilala aliomba aongezewe mchuzi, naye akamwongezea, tena kwa ukarimu, maana Shangazi alikuwa akishakuchoma neno anakupoza kwa chakula. Upande wa pili wa mbao pedi ilikuwa imenyamaza. Nikajua Masanja amesikia yote. Siku iliyofuata alikuja na kumfuta Mgeni wa kwanza kwenye memori kadi yeye mwenyewe, mbele yangu, kisha akaniambia nimpange wa pili. Hakusema kwa nini na sikumuuliza. Alitaka kumaliza kitu kimoja kabla mvua hazijakatika, basi, na mimi ambaye barua yangu ya chuo ilikuwa haijulikani iko wapi nilitaka kuona mtu mmoja akifika anakokwenda. Nilianza kuiombea mvua kanisani. Wakulima walionizunguka walidhani naombea mashamba.

Tulipangia juu ya ungo. Kila asubuhi ilikuwa kazi yangu kuchambua maharage ya mchana, kutoa mawe na yaliyotobolewa, na Masanja akiwa hana kazi alikaa nami kwenye ngazi ya jikoni. Tulichora kwa mkaa sakafuni zile picha tano, tukagawa punje za maharage kama ndizo pointi, tukabishana. Mekundu yalikuwa yale tuliyokwisha kuyatumia, ambayo hayarudi. Ya madoadoa yale tuliyotarajia. Masanja, mkono wake ukiachwa peke yake, ulikwenda kwenye ngumi. Mimi nilimrudisha kwenye moyo. Nilikuwa na nadharia kwamba asiyekufa hushinda tu hatimaye, nadharia ya mtu aliyezoea kusubiri. Yeye alisema mtu asiyekufa na asiyepiga ni mti. Tulibishana mpaka mboga ikaungua, na Shangazi akatoka jikoni na moshi wake kuangalia ni kesi ya nani inasikilizwa.

Akasimama juu yetu, akaangalia michoro. Tukamweleza, huyu ni mtu, yuko safarini, hii ni nguvu, huu ni uhai, hizi ni mbio. Akasikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Kisha akauliza, "Na anakula nini?" Masanja akasema hali, shangazi, ni mtu wa kwenye televisheni. Shangazi akaonyesha kwa kidole cha mguu mchoro wa tano. "Sasa hili jani la maharage mmeliweka la nini?"

Hapo ndipo ilipoanza. Mtu aliyekulia Ngara hawezi kuona jani la namna ile akafikiria kitu kingine. Tumelima maharage, tumechuma majani yake machanga kuwa mboga, tumelala tukiyaota. Mara nikaliona wazi: si kwamba jani halina kazi, ni kwamba kazi yake haionekani siku hiyohiyo, kama ya chakula. Lakini Deo, aliyekuwa amechungulia juu ya mbao, akapinga. Jani la maharage, akasema, lina vipande vitatu kwenye kikonyo kimoja, na yeye mtoto wa Bukiriro hawezi kudanganywa kwa hilo. Hili lina vinne. Tukaingia chumbani kwake wote kuangalia, na kweli vilikuwa vinne. Shangazi hakutikisika. Alimwambia Deo kwamba mama yake mzazi angeona haya, maana kila mwanamke anajua majani hayachumwi yote, unaliachia shina lizae. "Matatu ya shina," akasema, "la nne la sufuria."

Tukacheka, yeye hakucheka. Alikaa kwenye benchi la Deo, mikono imejaa unga, akatueleza kuhusu mwaka ule wageni waliokimbia vita walipovuka daraja la mpakani wakajaa Ngara, wakati nyumba yake ilikuwa kando ya barabara. Nilikuwa mdogo, nakumbuka vumbi tu. Yeye alikumbuka watu. "Niliona wanaume wenye vifua vipana wakikaa chini wasiinuke tena," alisema. "Na nikaona bibi kizee mwenye fimbo akinipita, anakwenda. Hakufika mwenye misuli, wanangu. Alifika aliyekula." Kisha akainuka kwenda kuangalia ugali wake. Masanja alibaki ameitazama ile picha. Kengele ilipolia mchana huo aliweka pointi zote kwenye jani, bila kuniuliza, na mimi kwa mara ya kwanza sikubisha.

Watu walituona wajinga. Wale wa mpira walipita nyuma ya Masanja wakiuliza kama mtu wake amevuna, kama maharage yameshika bei. Deo alisema wazi kwamba akili nyingi huondoa maarifa, akinitazama mimi. Na ni kweli Mgeni wa pili alikwenda polepole. Dudu ambalo wa kwanza alilimaliza kwa pigo moja, huyu alilizunguka na kulidonoa kama kuku. Lakini tulianza kuona mambo. Alipoua dudu, mara nyingi kilibaki kichupa cha dawa chini. Wa kwanza aliviokota kwa nadra. Huyu mifuko ilijaa. Mara akapata kanzu ya chuma, mara upanga wenye rangi ya bluu ambao hatukuwahi kuuona, na mara nyingine pigo lake dogo liliuma ghafla maradufu. Tukalieleza hilo kwa namna tulivyoliamini. Aliyeshiba huona njiani, nilisema mimi. Mwenye njaa anaangalia mbele tu. Masanja akasema aliyeshiba mkono wake hautetemeki. Shangazi tulipompelekea habari alisema tu, mlitaka iweje.

Kulikuwa na utulivu miezi ile ambao sijaupata tena. Mvua ilinyesha karibu kila mchana, ikapiga bati mpaka wateja wakaacha kusemezana, wakala kimya, ndizi na maharage, ugali na dagaa. Matope ya stendi yaliingia na viatu vyao. Nilikaa mlangoni kati ya vyumba viwili, mgongo kwenye joto la jiko na uso kwenye mwanga wa televisheni, nikaona mtu wetu akipita magofu, na nilikuwa na furaha. Siku hizi wazazi huniuliza mtoto wao asukumiwe wapi, sayansi au biashara, mpira au vitabu, kana kwamba nina ukurasa wenye picha tano. Huwa nawajibu wanavyotaka kusikia. Ninachofikiri kweli ni kwamba tulitumia miezi kadhaa kupanga na hatukujua moja ya picha zile ni nini, na bado tulikwenda.

Kisha mvua zikakatika. Siku ya kwanza nilisema ni leo tu. Baada ya wiki vumbi lilikuwa limerudi barabarani na Mzee Jilala akaja kununua kamba na dawa za ng'ombe. Alimwambia Masanja kwamba kesho alfajiri wanaondoka. Ilikuwa mchana, wateja wamemaliza kula. Masanja alivuka barabara akaingia kwa Deo, na Deo, ambaye sikuwahi kumwona akifanya hisani, aliwaambia wachezaji wa mpira wapishe televisheni kubwa. Mgeni alikuwa amefika darajani. Nilisimama nyuma ya Masanja, mikono yangu imeshika shingo yangu mwenyewe.

Jitu la pembe likampiga Mgeni, na Mgeni hakufa. Hilo peke yake liliwanyamazisha waliokuwa wakicheka. Alidonoa, akarudi nyuma, akadonoa. Jitu lilikuwa linaita vidudu vidogo vimsaidie, na Masanja akawa anaviua hivyo kwanza, na kila mara, karibu kila mara, kidudu kilipokufa kichupa kilibaki. Akaviokota, akanywa, akainuka. Hivyo hivyo, muda mrefu, mstari mwekundu ukishuka hadi unataka kupotea na kupanda tena. Shangazi alikuwa ameingia bila sisi kujua, mwiko mkononi. Hakuwahi kuja kuangalia mchezo wenyewe kabla. Hakuuliza chochote isipokuwa mara moja, alipoona Mgeni ameinama akiokota, alisema kwa sauti ya chini, kama anayemsemesha mtoto mezani, "Kula. Kula kwanza."

Jitu likaanguka. Ulisikika muziki, yakapita maandishi mengi tusiyoyajua. Masanja aliweka pedi chini taratibu, akafuta mikono kwenye suruali, akakaa tu akitazama maandishi yale mpaka yakaisha yote. Nilipomwona usoni nilitaka kulia na nikalia. Shangazi akamuuliza Deo, "Amemaliza?" Deo akasema amemaliza. Mzee Jilala alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri mwanawe, sijui tangu saa ngapi. Shangazi akampita, na alipofika usawa wake akamwambia, "Umesikia, mzee. Amemaliza." Mzee akavua kofia, akaitazama ile televisheni kwa heshima, kama mtu aliyekuta msiba asioujua, na akasema ni vizuri.

Jioni hiyo, nikiosha vyombo, niliwaona Shangazi na Masanja wamesimama nyuma ya jiko. Alikuwa amemfungia maharage ndani ya kanga kuukuu, na alizungumza naye kirefu, mkono wake umeshika mkono wa yule kijana. Sikusikia neno. Niliona tu Masanja akipiga goti, jambo ambalo wanaume wa kwao hawamfanyii mtu ovyo, na yeye akimwinua. Alfajiri ng'ombe walipita. Barua yangu ya chuo ilikuja baadaye, nikaenda, nikawa mwalimu, nikarudi Ngara. Shangazi alizeeka, akaifunga hoteli, akarudi Kanazi. Deo sijui yuko wapi. Ndivyo ulivyokwisha mwaka ule.

Sasa turudi uani. Mchana wa siku ile ya matanga tulikaa mimi na Masanja kwenye gogo karibu na jiko, na binti yangu Devota, ambaye naye amemaliza kidato cha nne na anasubiri, akaletewa ungo achambue maharage ya lile gunia. Tulimsimulia habari za Mgeni. Masanja alisimulia kwa mikono yote, na nilielewa kuwa si mara ya kwanza, kwamba amewasimulia watoto wake mpaka wameichoka. Alisema hakubaki mtu wa ng'ombe. Alipopata kwake, huko kusini kando ya barabara ya malori, alianza kwa kupanda maharage kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ya lile jani. Maisha yake yote, alisema, ameyaweka hapo.

Devota alikuwa ameacha kuchambua, anapekua simu. Akaniinamishia. Kwenye kioo kulikuwa na ukurasa wetu, picha tano, ngumi, moyo, unyayo, jicho, jani, safi kuliko tulivyowahi kuziona. Moyo wangu ulidunda kama nimekutana na marehemu. "Mama," akasema, "hilo siyo la maharage. Ni jani la porini tu, la Wazungu. Likiwa na vipande vinne wanasema ni bahati. Hiyo picha ni ya bahati. Ukiiongeza, unaokota vitu vingi."

Nilitamani angenyamaza. Nilielewa papo hapo kwamba ni kweli, vichupa vile, upanga wa bluu, mapigo ya ghafla, yote yakakaa mahali pake, na nikamwogopea Masanja. Mtu ameujenga mji wake juu ya jani, unamwambiaje kwamba ni la porini? Wahenga walisema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, na huyu alikuwa amelala mlango wazi maisha yake yote. Aliomba simu. Aliishika kwa uangalifu kwa vidole viwili, akaitazama sana.

"Bahati," akasema.

Nikamwambia ndiyo, inaonekana.

Akairudisha simu kwa Devota. Akaangalia kule nyuma ya nyumba, penye udongo mpya. Kisha akaniuliza kama Shangazi aliwahi kuniambia alichomwambia yeye siku ile nyuma ya jiko. Nikasema sikuuliza. Akasema alipofungiwa yale maharage alimwambia Shangazi kwamba hatalisahau neno lake, kwamba alifika aliyekula. Shangazi akamwambia hakuwa amelimaliza.

"Aliniambia hivi," Masanja akasema. "Mwaka ule nilikuwa na sufuria moja. Niliiweka pale barabarani nikapika mpaka mbegu ya msimu ikaisha. Aliyepita sufuria ina kitu, alikula, akaenda. Aliyepita nikiwa naiosha, sijui alifikia wapi. Sikuwachagua, mwanangu. Nilikuwa napika tu. Wewe ukipata kwako, na kama pana barabara, usikawie kuosha sufuria."

Nilikuwa nimeishi na mwanamke yule, nimemwosha miguu alipougua, na sikuwahi kulijua hilo. Halafu Devota akasema, polepole, maana ni mtoto anayependa kuwa sahihi, "Basi kwa wale waliokula, ilikuwa bahati tu."

"Kwao ilikuwa bahati," Masanja akasema. "Kwake ilikuwa maharage."

Jikoni wakaita kwamba maji yanachemka na watu ni wengi. Devota akaweka simu mfukoni, akavuta ungo.